Gari la Baba na Miguu ya Salehe

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi, na yule kijana akafungua mfuniko wa rejeta kabla halijapoa. Mvuke ukatupiga usoni sote wawili. Harufu ya maji ya kutu yaliyochemka ikanijaa puani, nikajikuta nimeketi juu ya tairi bovu, machozi yananitoka. Kijana akadhani nimeungua, akakimbia kuleta maji baridi. Sikuwa nimeungua. Nilikuwa nimerudi Sindeni, uani kwetu, alfajiri, nimejitanda khanga ya Mama, nikisikiliza starta ikilia na injini haiitiki.

Najua watu wa Lushoto watanicheka nikisema Sindeni kuna baridi. Mama mwenyewe, aliyezaliwa milimani upande wa Soni, alikuwa akitucheka. Baba akijikunyata asubuhi ya kipupwe, Mama alimwambia, “Nyie Wazigua mkipulizwa na upepo kidogo mnatafuta blanketi,” na Baba alimjibu kwamba watu wa milimani damu yao imechanganyika na ukungu. Ulikuwa utani wao wa kila mwaka. Lakini mwaka ninaousimulia hawakutaniana, kwa sababu nyumbani kwetu baridi ilikuwa na kazi mbili, na zote mbaya. Ilimwangusha kaka yangu Salehe, na ililizuia gari la Baba lisiwake.

Salehe alikuwa na selimundu. Sisi tuliita sikoseli, na tulilitaja jina hilo kwa sauti ya chini kana kwamba linasikia. Alikuwa mkubwa kwangu, mwembamba, macho yenye umanjano kidogo, fundi wa kutengeneza vigari vya waya kuliko mtoto yeyote kijijini. Siku za joto alikimbia nasi mpaka apigwe marufuku. Ikija baridi, maumivu yalimwingia miguuni, mgongoni, wakati mwingine kifuani, na hapo ilikuwa lazima afikishwe Korogwe upesi. Handeni mjini nako kulikuwa na hospitali, ila Korogwe ndiko walikomzoea na ndiko alikoishi mama mdogo, pale Kilole, ambaye angetupokea na kutupikia. Muuguzi alishamwambia Mama mbele yangu kwamba kwa mtoto huyu, kuchelewa ndiko kunakoua.

Ndiyo maana Baba alinunua gari. Wengine walidhani amelinunua kwa ajili ya biashara yake ya mahindi, na kweli alibebea mahindi kwenda kuuza Manundu, hukohuko Korogwe. Lakini mimi nilimsikia akimwambia Mama, “Hili ni la Salehe. Mahindi yatapanda kama abiria.” Lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, ya EFI, kama walivyosema mafundi, maana yake haina kabureta. Mafuta yanapulizwa na nozeli, na kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ndiyo inayoamua yapulizwe mengi au machache. Baba alikuwa amejifunzia kuendesha pikapu ya kabureta, kwa hiyo kila alfajiri ya shida alikanyaga ekseleta pa, pa, pa, akiisihi. Ekseleta ya gari lile haikujali kusihiwa.

Jambo la ajabu, mchana liliwaka vizuri kabisa. Ukigusa ufunguo tu, limewaka. Baba akilifikisha Manundu kwa Fundi Mrisho, jua limeshapanda, injini ina moto wa safari, Fundi anawasha mara moja linanguruma, anamtazama Baba kwa huruma ya mtu anayemtazama mzee aliyesahau alipoweka miwani.

“Mzee wangu, gari fresh kabisa hili. Wewe unaamka vibaya tu.”

Fundi Mrisho alikuwa kijana wa maneno mengi aliyepata kufanya kazi Dar, na hakutaka mtu yeyote alisahau hilo. Alikwishabadilisha plagi. Alikwishabadilisha chujio la mafuta. Alikwishalaumu betri, kisha mafuta ya kwenye madumu, kisha barabara. Mwanzoni kabisa, gari lilipokuwa geni, aliitoa thamostati, kile kidude kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. “Hii waliwekea Wazungu wenye barafu,” alisema. “Sisi huku ya nini.” Karibu kila fundi wa nyakati hizo aliitoa, na kila mwenye gari alimshukuru.

Mimi nilikuwa darasa la kwanza, na nilikuwa na masikio makubwa. Nilimsikia Mama akimweleza jirani, “Damu yake haipiti vizuri kwenye mishipa, hasa baridi ikizidi. Inabidi anywe maji mengi.” Kisha nikamsikia Fundi Mrisho akimweleza Baba, “Inaelekea mafuta hayapiti vizuri, hasa baridi ikizidi. Na maji, mzee, usiache kuyaangalia maji.” Mtoto angeelewa nini hapo? Nilielewa kwamba gari na Salehe wanaugua ugonjwa mmoja. Sikumwuliza mtu, maana lilikuwa wazi. Wote wawili walikuwa wazima mchana na wagonjwa alfajiri, wote walifunikwa usiku, Salehe kwa blanketi na gari kwa turubai, na wote walinyweshwa maji. Nikajiwekea imani moja iliyonipa usingizi mwaka ule wote: siku Fundi atakapopata dawa ya gari, Salehe naye atapona.

Aliyelinywesha gari maji alikuwa Bibi, mama yake Baba. Kwetu maji yalikuwa kitu cha heshima kwa sababu yalikuwa shida. Ya mvua yalihifadhiwa kwenye mitungi kwa kunywa, na ya kisima cha nyuma ya nyumba, yenye chumvi ya kukaza ulimi, yalitumika kwa mengine yote. Bibi alikuwa na desturi yake: hakuna mgeni aliyeondoka uani kwake bila kupewa maji, hata awe amekuja kugombana. Gari lilipofika alilihesabu kuwa mgeni. Kila Baba alipojiandaa kuondoka, Bibi alikuja na kata lake na ndoo, anangoja mfuniko ufunguliwe, anamimina polepole huku akiliombea safari njema kwa Kizigua. Baba, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama pembeni akiwa ameshika mfuniko kwa adabu. Nani angemwambia mama yake kwamba maji anayotoa kwa moyo mmoja katika nchi ya ukame hayafai? Kwanza hakuna aliyejua kwamba hayafai.

Alfajiri iliyoharibu mambo ilikuja katikati ya kipupwe. Salehe alizidiwa, Mama akamlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwake, nami nikajibana mlangoni. Starta ililia mpaka ikaanza kuchoka. Baba akatoka kuomba msaada, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakaja kusukuma, wakiongozwa na jirani yetu Mzee Kibwana, mtu mwema ambaye ulimi wake ulitangulia akili. Walisukuma kuelekea mteremkoni, wakihema, gari likakohoa, likazima, likakohoa tena. Mzee Kibwana akainama dirishani kwa Baba, akasema kwa kucheka, “Sasa Baba Salehe, gari bovu na mtoto mbovu, utatengeneza kipi kwanza? Viwili hutaviweza.”

Alitania. Siku zote watu walimtania Baba na Baba alijibu. Siku ile alishika usukani akatazama mbele, na nilimwona Salehe akiwa amefumbua macho. Gari liliwaka mwisho wa mteremko, tukafika Korogwe, akatibiwa, tukarudi. Lakini tangu asubuhi ile Salehe hakusema tena kwamba anaumwa. Mama alifurahi. Aliwaambia majirani kwamba mwaka huu baridi imemhurumia mwanawe. Nami nilifurahi, ingawa nilishangaa kwa nini gari halijapata nafuu kama yeye.

Hatimaye Fundi Mrisho akakubali kwamba ameshindwa kulitibu gari asiloliona likiumwa. Nilikuwepo aliposema hivyo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiongea taratibu.

“Mzee, niachie lilale hapa gereji. Nilione asubuhi likiwa limepoa kabisa. Nikilikuta limekufa ndiyo nitajua limeuawa na nini.”

Baba alisita sana. Kuliacha gari Manundu kulikuwa na maana kwamba Salehe atalala Sindeni bila gari. Akamtazama Salehe, akamwuliza, “Unajionaje, mwanangu?” Salehe akasema, “Mzima, Baba.” Akaruka ruka kidogo kuonyesha. Baba akaturudisha Sindeni kwa gari hilohilo, akaongea na Mama, na kesho yake akalipeleka gari akabaki kulala Kilole kwa mama mdogo, ili alfajiri awepo Fundi atakapofungua boneti.

Jioni hiyo Salehe hakumaliza ugali wake, akasema ameshiba mihogo ya mchana. Tulilala chumba kimoja. Alijifunika gubigubi na nikamsikia akiimba kaswida ya madrasa kwa sauti ndogo sana, mstari uleule, tena na tena, kwa pumzi fupi. Nilidhani anajiandaa kwa Maulidi. Nililala nikisikiliza, na niliona anaimba vizuri.

Mama alipokuja kutuamsha, Salehe alikuwa ameiuma shuka hadi imetoboka, mwili wote jasho katika baridi ile, na hakuweza kunyoosha mguu. Sijawahi kumsikia Mama akitoa sauti kama aliyoitoa. Bibi alikuja mbio na kitambaa cha moto. Mama akampigia Baba simu, ile ya kitochi, na kwa kuwa alikuwa akipiga kelele nilisikia kila kitu. Baba alikuwa gereji wakati huohuo, boneti liko wazi, gari limegoma kama lilivyotarajiwa. Alimwambia Fundi afunge alete ufunguo, na Fundi akamwambia kitu ambacho Baba alikirudia kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyepigwa: “Haliwaki, Mama Salehe. Haliwaki.”

Tulisimama barabarani, Mama amembeba Salehe mgongoni akiwa mkubwa vile, mimi na kapu la nguo. Lori la mahindi likasimama. Dereva alimpandisha utingo wake juu ya magunia, akatuweka mbele. Mama alisoma dua zote anazozijua, akazirudia. Salehe hakulia. Kila lori liliporuka shimo alifumba macho, basi.

Baba alitukuta hospitali, mikono myeusi ya oili mpaka viwikoni, kanzu yake ya kulalia ndani ya koti. Alikuja mbio kwa miguu kutoka Manundu. Salehe alikuwa ameshatundikiwa maji. Muuguzi aliandaa sindano huku akiuliza, “Maumivu yameanza lini?”

“Alfajiri hii,” akasema Mama.

“Jana,” akasema Salehe. “Jana kabla Baba hajaondoka.”

Mama akakaa chini, sakafuni. Baba akainama kitandani na kuuliza kwa nini hakusema, na Salehe akamjibu kwa utaratibu, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa, “Ungeacha kutengeneza gari. Mzee Kibwana alisema huwezi vyote viwili.”

Kuna methali ambayo watu huipenda sana, mficha maradhi kilio humfichua. Wiki ile niliisikia mpaka nikaichukia, kila aliyekuja kumwangalia aliitoa mfukoni kama peremende. Naichukia hadi leo. Humfanya mgonjwa aonekane mjanja aliyenaswa, na haimwulizi nani aliyemfundisha kwamba ugonjwa wake ni mzigo.

Salehe alilazwa, akaongezewa damu, na kwa muda fulani madaktari hawakutuambia neno la kutegemea. Kisha akaanza kudai chapati. Siku aliyoruhusiwa, Baba alitupitisha Manundu kuchukua gari. Fundi Mrisho alikuwa amelipata tatizo, na alituonyesha kwenye kiganja chake: sensa ya joto la maji, kidude kisichozidi kidole gumba, kimeota ukungu wa kijani, na waya wake umelika ukakatika.

“Hiki ndicho kinachoiambia kompyuta injini ina baridi au ina moto,” alisema. “Kimekufa. Sasa kompyuta ikikosa habari, mzee, haiulizi. Inachukulia tu kwamba injini ina moto, inatoa mafuta kidogo. Mchana ni kweli ina moto, inawaka. Asubuhi ina baridi, inataka mafuta mengi, haipewi. Mnalinywesha maji gani hili gari? Ndani kuna chumvi ya kupikia.”

Baba akasema, “Ya kisima.” Fundi naye akakohoa, akasema amerudishia thamostati nyingine, ile aliyoitoa zamani haikupaswa kutolewa, na mambo ya Dar na ya huku wakati mwingine yanatofautiana. Kwa Fundi Mrisho hiyo ilikuwa toba. Lakini Baba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amegeuka anamtazama Salehe aliyeketi kwenye benchi la gereji na shuka begani.

Njiani, kabla hatujafika nyumbani, alisimamisha gari pembeni. Hakugeuka nyuma. Alisema, “Salehe, mimi nikikosa habari yako, nitadhani u mzima. Nitaondoka. Nitakwenda mbali. Sina namna nyingine ya kujua.” Salehe aliangalia nje. Baba akasubiri, akasubiri, kisha akaondoa gari. Mama alifuta macho kwa pembe ya mtandio.

Kuhusu Bibi, Baba hakumwambia lolote. Alileta dumu la maji safi kutoka Korogwe, akayamimina kwenye mtungi mdogo, akamwambia, “Mama, huu ndio mtungi wa gari, usichanganye.” Bibi aliridhika sana kwamba gari sasa lina mtungi wake, akaendelea kumimina na kuomba. Mpaka anafariki hakujua, na nadhani hilo ni moja ya mambo mazuri zaidi ambayo Baba aliyafanya maishani.

Gari likawa linawaka kila alfajiri, kwa mkupuo mmoja. Baba aliliwasha hata kama hana safari, akalisikiliza, akalizima. Mimi nilimtazama Salehe, nikingoja. Gari limepona, kwa hiyo ni yeye tu. Alikimbia, alitengeneza vigari vyake, alisema mzima kila alipoulizwa, na mimi nilimwamini. Wazazi wangu hawakumwamini. Mama alimgusa paji la uso akipita, akihesabu matonge aliyokula. Baba alikuja chumbani kwetu na kusimama tu mlangoni. Nyumba yote iliishi kwa kuotea, na mtoto aliyeshawahi kusema uongo wa aina ile hakuna anayeweza kumsoma usoni.

Kisha ikaja baridi nyingine. Nilikuwa jikoni na Mama, tunapuliza moto, na Baba alikuwa uani akitawadha kwa birika. Salehe akatoka na blanketi mabegani, anaburuta mguu mmoja, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Baba.

“Baba.”

“Naam.”

“Naumwa.”

Baba aliliweka birika chini taratibu, kama kwamba kishindo kingelirudisha neno lile. Hakuuliza tangu lini. Alimbeba, Mama akaacha moto ukiwaka, na mimi nikawafuata peku. Ufunguo ukageuzwa, gari likaitikia hapohapo, na Bibi akabaki ameshika kata lake katikati ya uwanja, akituombea bila maji.

Tulipokuwa tumeshika barabara nikamwuliza Mama, “Gari si limepona?”

“Limepona.”

“Mbona Salehe bado?”

Mama akanivuta kwake. “Salehe hatapona, Mwanaidi. Yeye ni wa kusema, na sisi ni wa kuwahi.”

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaangua kilio ambacho sijawahi kukilia tena. Walikuwa wamenidanganya wote, gari, Fundi, kompyuta, na nilipotazama kwenye kioo cha mbele nikaona Baba naye analia, lakini anatabasamu, na hilo likanikasirisha nikalia zaidi. Salehe, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama, akasema ninamwumiza masikio.

“Mwache alie,” Baba akasema. “Wewe niambie mimi. Mguu upi?”

“Wa kulia.”

“Na wapi tena?”

“Goti.”

“Endelea.”

Na Salehe akaendelea kumtajia, kiungo kimoja baada ya kingine, na Baba akaitikia kila kimoja, mpaka tukaingia Korogwe.